Kuku anaumwa, OTC inanunuliwa: Nani analipa gharama ya dawa isiyotibu?

MFUGAJI anaingia bandani alfajiri na kukuta kuku 6 wamejikunyata pembeni, mbawa zimelegea na kinyesi chao ni cha kijani. Kabla jua halijapanda ameshafika kwenye duka la dawa za mifugo. Anaeleza dalili kwa maneno machache, anapewa pakiti ya OTC na nyingine ya vitamini, kisha anarudi nyumbani kuzichanganya kwenye maji ya kunywa. Wiki haijaisha, banda la kuku 300 limebaki na kuku 100.

Habari ya namna hii inafahamika kwa wafugaji wengi wa Pwani, Morogoro, Dar es Salaam na kwingineko nchini. Lawama huelekezwa kwa dawa kuwa ni feki, kwa muuza duka kuwa ni tapeli au kwa mtu mwenye husuda. Ni mara chache watu hujiuliza swali la msingi: je, ugonjwa ule ulikuwa unatibika kwa dawa ile?

Katika mfano huu jibu ni hapana. Dalili hizo ni za mdondo, ambao sehemu nyingine huitwa kideri. Mdondo husababishwa na virusi, na hakuna kiuavijasumu chochote duniani kinachoua virusi. Mfugaji alinunua dawa nzuri kwa ajili ya ugonjwa usiohusika nayo. Fedha imepotea, kuku wamekufa, na bakteria waliokuwemo bandani wamepata nafasi ya kuizoea dawa hiyo bure.

Hoja hapa si kwamba OTC ni dawa mbaya. Ikitumika mahali pake imeokoa ng'ombe, mbuzi na kuku wengi sana. Hoja ni kwamba dawa hizi hufanya kazi kwa namna maalumu, na mfugaji asiyejua namna hiyo hulipa mara tatu: dukani, bandani na sokoni.

Dawa inampiga bakteria wapi?

Viuavijasumu havina macho ya kutafuta ugonjwa mwilini. Kila kundi la dawa hushambulia kiungo kimoja cha bakteria, hasa kiungo ambacho mnyama hana au anacho cha aina tofauti. Ndiyo maana dawa inaweza kumuua bakteria na kumwacha kuku au ng'ombe akiwa hai.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, huzuia bakteria kujenga ukuta wake wa nje. Bakteria anapokua na kugawanyika huhitaji ukuta mpya. Akikosa ukuta huo, maji huingia ndani na kumpasua. Seli za mnyama hazina ukuta wa aina hiyo, hivyo haziguswi.

Oksitetrasaiklini, ambayo wafugaji wanaijua kwa jina la OTC, hupita njia nyingine. Huingia ndani ya bakteria na kusimamisha viwanda vyake vidogo vya kutengeneza protini. Bakteria hafi papo hapo, ila anashindwa kukua na kuzaana, na kinga ya mwili wa mnyama hummalizia. Tailosini, inayotumika sana kwa mafua sugu ya kuku, nayo hugusa viwanda hivyo lakini sehemu tofauti.

Dawa za salfa huwanyima chakula. Bakteria wengi hujitengenezea wenyewe asidi ya foliki, ilhali mnyama huipata kutoka kwenye chakula. Salfa huvuruga utengenezaji huo. Enrofloksasini huvuruga mpangilio wa vinasaba pale bakteria anapojaribu kuvinakili. Kolistini hutoboa utando wa nje.

Kutokana na maelezo hayo ni rahisi kuona kwa nini virusi haviguswi. Kirusi hakina ukuta, hakina viwanda vya protini na hakijitengenezei chakula. Huingia ndani ya seli ya kuku na kutumia vifaa vya kuku mwenyewe. Kumpa kuku mwenye mdondo dawa ya kubomoa ukuta ni sawa na kupeleka fundi wa kuvunja nyumba mahali pasipo na nyumba.

Hata miongoni mwa bakteria tofauti zipo. Maikoplazma, wanaosababisha mafua sugu ya kuku na homa ya mapafu ya ng'ombe, hawana ukuta. Mfugaji anayechoma penisilini kwa magonjwa hayo anatupa fedha, hata kama dawa ni halisi na haijapitwa na muda.

Ugonjwa upi, dawa ipi

Magonjwa ya kuku yanaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la virusi: mdondo, gumboro, ndui na mareksi. Haya hayana tiba, kinga yake ni chanjo na usafi.

Fungu la pili ni la bakteria: homa ya matumbo ya kuku, kuhara nyeupe kwa vifaranga, kipindupindu cha kuku, na mafua yanayovimbisha uso. Hapa viuavijasumu vina nafasi, ingawa si kila kimoja hutibu kila ugonjwa.

Fungu la tatu ni la vimelea kama wale wa kuhara damu. Dawa yake ni salfa au amproliamu, si OTC. Amproliamu hujifananisha na vitamini B1 na kumdanganya kimelea aichukue badala ya vitamini anayoihitaji. Kwa sababu hiyo, mfugaji anayechanganya amproliamu na vitamini zenye B1 kwa wakati mmoja huidhoofisha dawa yake mwenyewe. Vitamini hutolewa baada ya tiba kumalizika.

Kwa wafugaji wa ng'ombe mkanganyiko uko kwenye jina la ndigana. Ndigana baridi huletwa na bakteria na hutibika kwa OTC. Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria, na dawa yake ni buparvakuoni. Mfugaji akichoma OTC peke yake kwa ng'ombe ambaye tayari anaumwa ndigana kali, huwa anapoteza siku ambazo mnyama hana.

Hata hivyo, OTC ina kazi moja muhimu kwenye ndigana kali. Katika chanjo ya ugonjwa huo, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ng'ombe mzima huchomwa vimelea hai na papo hapo huchomwa OTC ya kudumu ili kuwapunguza kasi. Ng'ombe hupata ugonjwa mdogo na kujenga kinga. Chanjo hiyo imetumika sana kwa mifugo ya wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Dawa ni ile ile, lakini matumizi yenye maarifa yameleta tija.

Homa ya miguu na midomo, mapele ngozi na sotoka ya mbuzi na kondoo yote ni ya virusi. Mtaalamu anaweza kuagiza kiuavijasumu kwa mnyama mwenye magonjwa hayo, lakini lengo huwa ni kuzuia bakteria wanaovamia vidonda au mapafu yaliyodhoofika. Mfugaji anayeona mnyama amepona baada ya sindano hiyo huamini kuwa sindano ndiyo iliyotibu virusi. Hivi ndivyo imani potofu inavyojengeka na kupitishwa kutoka kwa jirani hadi kwa jirani.

Usugu unavyozaliwa bandani

Bakteria kama E. koli, katika mazingira mazuri, anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo bakteria 1 akianza saa 12 asubuhi, ifikapo saa 7 mchana wanakuwa wamezidi milioni 2. Katika wingi huo hutokea wachache wenye tofauti ndogo kwenye vinasaba vyao: mmoja ana kimeng'enya cha kukata penisilini, mwingine ana pampu ya kuitoa OTC nje.

Dawa haiwatengenezi bakteria hao, bali huwachagua. Inaua walio dhaifu na kuwaachia walio sugu chakula na nafasi. Dozi ikiwa ndogo, au ikikatishwa siku ya 2 kwa sababu kuku wameanza kula, wanaobaki ni wale waliostahimili zaidi. Kizazi kinachofuata hutokana nao.

Baya zaidi ni kwamba bakteria hugawana silaha. Kipande kidogo cha vinasaba chenye usugu kinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa aina tofauti. Bakteria asiyemdhuru kuku anaweza kuubeba usugu na kuupitisha kwa yule anayemdhuru binadamu. Njia zipo nyingi: mikono ya anayekusanya mayai, samadi inayomwagwa kwenye bustani ya mchicha, maji ya kisima na ubao wa kukatia nyama.

Utoaji wa dawa kwenye maji huongeza tatizo. Kuku mgonjwa hunywa maji kidogo kuliko mzima, hivyo anayehitaji dawa zaidi ndiye anayepata kidogo. Siku ya joto kali kundi hunywa maji mengi na kuzidisha dozi, na siku ya baridi hupungukiwa. Mfugaji anayepima kwa kijiko cha chai bila kujua uzito wa kuku wake wala lita wanazokunywa anabahatisha. Aidha, OTC hushikana na chokaa, hivyo maji magumu ya kisima au chakula cha kuku wa mayai chenye chokaa nyingi hupunguza kiasi kinachoingia mwilini.

Watanzania hawahitaji kusafiri mbali kuona mwisho wa safari hii. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Vimelea viliizoea, na mwaka 2001 nchi ikaiacha na kuhamia SP. Nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ALu. Kimelea cha malaria si bakteria, lakini kanuni ni moja. Kila mabadiliko yalileta dawa yenye gharama kubwa kuliko iliyotangulia.

Fleming mwenyewe aliliona hilo mapema. Akipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kuwa ni rahisi kuwafanya bakteria waizoee penisilini kwa kuwapa dozi isiyotosha kuwaua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kitabibu la Lancet ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi ya bakteria sugu, na kwamba kanda iliyoathirika zaidi kwa uwiano wa watu ni Afrika Magharibi kusini mwa Sahara.

Mabaki kwenye yai na maziwa

Sehemu ya pili ya tatizo inamgusa mfanyabiashara moja kwa moja. Dawa haiondoki mwilini siku tiba inapokwisha. Hubaki kwenye nyama, ini, figo, yai na maziwa kwa siku kadhaa au wiki. Ndiyo maana kila lebo huandikwa muda wa kusubiri kabla ya kuuza. Kwa sindano za OTC ya kudumu, muda huo kwa nyama ya ng'ombe hufika wiki 3 hadi 4 kutegemea aina. Zipo dawa ambazo lebo yake inakataza kabisa kutumika kwa kuku ambao mayai yao yanaliwa.

Viwango vya kimataifa vya chakula, vinavyojulikana kama Codex, vinaruhusu mabaki ya OTC yasiyozidi mikrogramu 100 kwa lita ya maziwa na mikrogramu 400 kwa kilo ya mayai. Kwa penisilini kwenye maziwa kiwango ni mikrogramu 4 tu kwa lita. Kuchemsha maziwa au mayai hakuondoi mabaki yote.

Msindikaji mdogo wa mtindi ndiye wa kwanza kuonja hasara hii. Mtindi hugandishwa na bakteria wazuri, na bakteria hao ni wepesi kufa kwa penisilini. Ng'ombe mmoja aliyetibiwa ugonjwa wa kiwele, maziwa yake yakamwagwa kwenye pipa la pamoja, anaweza kuharibu pipa zima. Maziwa hayagandi, au yanaganda vibaya na kutoa maji. Mama anayeuza mtindi atalaumu hamira yake, hali ya hewa au moto, kumbe chanzo kiko kwenye chuchu ya ng'ombe wa jirani.

Kituo cha kukusanyia maziwa kinachopima mabaki hukataa mzigo. Kisichopima humbebesha mlaji. Kwa vyovyote, mfugaji aliyesubiri kwa uaminifu na yule ambaye hakusubiri huwekwa kwenye kapu moja, na bei yao ni moja.

Kwa nini mfugaji hasubiri?

Ni rahisi kusema wafugaji hawana elimu. Hesabu inaonyesha kuwa tatizo ni zaidi ya elimu. Tuseme mfugaji ana kuku wa mayai 300 wanaotaga kwa asilimia 80. Hayo ni mayai 240 kwa siku, sawa na trei 8. Lebo ikimtaka asubiri siku 7, anatakiwa kuacha trei 56. Kwa bei ya mfano ya Sh7,000 kwa trei, hiyo ni Sh392,000.

Katika siku hizo hizo 7 kuku wanaendelea kula. Kuku mmoja akila gramu 120 kwa siku, kundi linamaliza kilo 36. Kwa bei ya mfano ya Sh1,000 kwa kilo, chakula cha wiki ni Sh252,000. Mfugaji mwenye mkopo wa kikundi na ada ya mtoto haangalii lebo, anaangalia mfuko. Anauza mayai, na mnunuzi hana namna ya kujua.

Muuza duka naye ana hesabu yake. Akimwambia mteja kuwa ugonjwa wake hauna dawa, mteja ataenda duka la pili na kuuziwa. Akikataa kuuza nusu pakiti atapoteza biashara. Ofisa mifugo wa kata anahudumia eneo kubwa, mara nyingi bila usafiri. Duka liko mita 200 kutoka bandani, na ofisa yuko kilomita 20.

Sheria zipo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari la kusimamia wanaotoa huduma, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) husajili na kudhibiti dawa, zikiwemo za mifugo. Aidha, nchi ilianza kutekeleza mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa mwaka 2017. Lakini sheria inayompa mfugaji hasara ya Sh392,000 bila kumpa njia nyingine itavunjwa kimyakimya kila siku.

Kwa hiyo njia ya uhakika si kumfundisha mfugaji kusubiri tu, bali kumwezesha kuepuka hitaji la kusubiri. Hapo ndipo chanjo inapoingia.

Hesabu ya chanjo

Chanjo ya mdondo aina ya I-2 inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) huko Kibaha. Mbegu yake ilitokana na utafiti wa Australia uliolenga wafugaji wa vijijini, kwa kuwa hustahimili joto kuliko chanjo za kawaida. Hutolewa tone 1 kwenye jicho la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na kurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4.

Turudi kwenye banda la kuku 300. Wakifa 200, na kila mmoja akikadiriwa kuwa na thamani ya Sh12,000, hasara ni Sh2,400,000. Hata kama chanjo, usafiri na posho ya mchanjaji vitagharimu Sh30,000 kila baada ya miezi 3, kwa mwaka ni Sh120,000. Fedha ya kundi moja lililokufa ingelipia chanjo kwa miaka 20.

Kikwazo kinachotajwa na wafugaji wadogo ni ukubwa wa chupa. Chupa ya dozi mamia haina maana kwa mwenye kuku 15, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Dawa ya hilo ni kaya kuungana: siku moja, chupa moja, kitongoji kizima. Mchanjaji anapita nyumba kwa nyumba jioni au alfajiri kuku wakiwa bandani. Kwa kuwa mdondo hausimami kwenye uzio wa mtu, kuchanja kwa pamoja kunamlinda hata jirani.

Kwa chanjo zinazotolewa kwenye maji, kosa la kawaida ni kutumia maji ya bomba yenye klorini. Klorini huua chanjo kama inavyoua vijidudu. Maji safi yasiyotiwa dawa, vyombo visivyooshwa kwa sabuni kali, na kuku walionyimwa maji kwa muda mfupi ili wanywe kwa haraka, ndiyo masharti.

Juni 2025 Serikali ilizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ni hatua inayoelekea upande sahihi. Kipimo cha mafanikio yake kitakuwa ni iwapo chanjo itamfikia mwenye kuku 15 kwa wakati, mara kwa mara, si mara moja kwa sherehe.

Wengine walipitia wapi?

Sweden ilipiga marufuku viuavijasumu vya kukuzia mifugo mwaka 1986. Umoja wa Ulaya ulifuata kikamilifu Januari 1, 2006, na tangu Januari 28, 2022 hauruhusu dawa hizo kutolewa kama mazoea kwa kundi lisiloumwa. Marekani iliondoa enrofloksasini kwenye ufugaji wa kuku Septemba 2005, baada ya kuonekana kuwa inazalisha bakteria sugu wanaoumiza binadamu.

China ilipata somo lake mwaka 2015. Watafiti waligundua kwa nguruwe, nyama na wagonjwa hospitalini kinasaba cha usugu dhidi ya kolistini chenye uwezo wa kuhama kati ya bakteria. Kolistini ni dawa ambayo madaktari huiweka akiba ya mwisho. Mwaka 2017 nchi hiyo ikaacha kuitumia kukuzia mifugo.

Mfano wenye faida zaidi kwa mfugaji wa Afrika Mashariki, hasa wa samaki wa vizimba Ziwa Victoria, ni wa Norway. Mwaka 1987 wafugaji wa samaki wa nchi hiyo walitumia karibu tani 50 za viuavijasumu. Zikaja chanjo bora, vizimba vikatenganishwa na maeneo yakapumzishwa. Katika miaka ya karibuni matumizi yamekuwa chini ya tani 1 kwa mwaka, ilhali samaki wanaovunwa wameongezeka na kupita tani milioni 1. Dawa ilishuka, biashara ikapanda.

Funzo la nchi hizo ni kwamba marufuku peke yake haitoshi. Zilizofanikiwa zilibadilisha banda, chakula, chanjo na utunzaji wa kumbukumbu kwa wakati mmoja.

Mfugaji aanzie wapi?

Kwanza, chanjo zifuate ratiba na tarehe ziandikwe. Pili, maranda yawe makavu, vyombo vya maji vioshwe kila siku, na mlangoni kuwe na viatu vya bandani na dawa ya kukanyaga. Kuku wageni watengwe wiki 2 kabla ya kuchanganywa.

Tatu, kuku wakifa, mzoga uliokufa muda mfupi upelekwe kwa mtaalamu kabla ya fedha kwenda dukani. TVLA ina maabara Temeke jijini Dar es Salaam na vituo vikiwemo vya Arusha, Mwanza na Iringa. Uchunguzi wa kuku 1 unaweza kuokoa 300.

Nne, dawa ikihitajika inunuliwe iliyosajiliwa, dozi ipimwe kwa uzito na imalizwe. Isiachwe njiani wala kuongezewa nyingine kwa kubahatisha. Tano, kuwe na daftari lenye safu 4: tarehe, dawa, kundi lililotibiwa na siku ya kuruhusiwa kuuza. Ng'ombe anayetibiwa kiwele awekewe alama mguuni na akamuliwe mwisho, maziwa yake yasiingie kwenye pipa la wengine.

Wanunuzi nao wana sehemu yao. Hoteli, shule na wasindikaji wanaotaka mayai na maziwa salama wakubali kuongeza kidogo kwa mfugaji mwenye daftari, na vikundi vya wafugaji viweke mfuko mdogo wa kumfidia mwanachama aliye kwenye siku za kusubiri. Bila hivyo, mwaminifu ataendelea kupata hasara peke yake.

Dawa za kutibu bakteria wa kuku na za kutibu bakteria wa watoto zinatoka kwenye makundi yale yale. Zikizoeleka bandani, zitashindwa wodini. Pakiti inayonunuliwa leo bila kujua ugonjwa inaweza kuonekana rahisi, lakini bei yake kamili hulipwa baadaye, na mara nyingi na mtu ambaye hakuinunua.